Mguso wa Kwanza: Winga wa Marekani Aliyegeuka Mvumbuzi, na Somo Lake kwa Sisi Waandishi wa Programu

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi zilinibana. Leo nataka tuzungumze kuhusu kandanda. Najua wengine mtasema, "Huyu naye! Tulikuja hapa kusoma mambo ya tarakilishi." Subirini kidogo, nitafika huko.

Yuko mwanasoka mmoja wa Marekani anayeitwa Eddie Lewis. Wengi hapa kwetu hawamkumbuki, na siwalaumu. Hakuwa nyota wa kuchorwa kwenye matatu. Alizaliwa California mwaka 1974, akacheza mpira wa chuo kikuu pale UCLA, na ligi ya MLS ilipoanza mwaka 1996 akachukuliwa na timu ya San Jose Clash. Alikuwa winga wa kushoto, mtu wa kukimbia pembeni na kupiga krosi.

Kama ulitazama Kombe la Dunia la 2002 basi umewahi kumwona hata kama jina limekutoka. Tarehe 17 Juni mwaka huo, mjini Jeonju, Korea Kusini, Marekani ilicheza na Mexico katika raundi ya kumi na sita bora. Marekani ikiongoza 1-0, krosi ilitoka upande wa kushoto, Landon Donovan akaipiga kichwa na mambo yakaisha: 2-0. Krosi ile ilikuwa ya Lewis.

Lakini maisha yake mengi ya kandanda hayakuwa ya Kombe la Dunia. Yalikuwa ya madaraja ya chini ya Uingereza, kwenye matope na baridi. Mwaka 2000 alihamia Fulham, ambayo wakati huo ilikuwa daraja la pili. Hakupata nafasi sana. Mwaka 2002 akaenda Preston North End, daraja hilo hilo, akacheza miaka mitatu. Mwaka 2005 Preston ikafika fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu, ikafungwa 1-0 na West Ham. Akahamia Leeds United. Mwaka 2006 Leeds nayo ikafika fainali ya mchujo, ikafungwa 3-0 na Watford. Mwaka 2007 Leeds ikaanguka hadi daraja la tatu. Akaenda Derby County iliyokuwa imepanda Ligi Kuu, kumbe ndio msimu ule ambao Derby ilimaliza na pointi 11 tu, ikishinda mechi moja. Hakuna timu iliyowahi kumaliza msimu wa Ligi Kuu ya Uingereza na pointi chache kuliko hizo.

Hebu fikiria bahati hiyo! Fainali mbili mfululizo zapotea, kisha kushuka daraja mara mbili mfululizo. Mwaka 2008 akarudi Marekani kuchezea LA Galaxy, na mwaka 2010 akastaafu.

Sasa ndipo hadithi yenyewe inapoanza, na ndipo nasi watu wa tarakilishi tunapoingia.

Tatizo alilokuja nalo kutoka Fulham

Lewis amesimulia zaidi ya mara moja kwamba alipofika Fulham aligundua jambo la kuaibisha. Alikuwa mchezaji wa timu ya taifa, lakini mguso wake wa kwanza ulikuwa nyuma ya wenzake. Kwa wasiofuata kandanda: mguso wa kwanza ni kile unachofanya mpira unapokufikia. Ukiutuliza vizuri, una nusu sekunde ya kuinua kichwa na kuamua. Ukikuruka futi mbili, tayari kuna beki juu yako. Kasi ya mchezo ikipanda, hiyo nusu sekunde ndiyo tofauti ya mchezaji na mtazamaji.

Akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye haya hufanya: akaanza kujifanyisha mazoezi peke yake, akitumia mpira mdogo kuliko wa kawaida. Mpira mdogo hausamehi. Ule mkubwa unaweza kugonga popote kwenye kiatu na bado ukatulia. Mdogo ukikosea kidogo tu unaenda zake. Mtu akiuzoea mdogo, mkubwa unaonekana kama tikiti maji.

Alipostaafu, hakwenda kuwa mchambuzi wa runinga. Alijenga mashine. Kampuni yake inaitwa TOCA Football, na mashine inaitwa Touch Trainer. Kazi yake ni rahisi kueleza: inakurushia mipira midogo, mmoja baada ya mwingine, kwa kasi na urefu uliochaguliwa. Wewe unatuliza, unapiga kwenye shabaha, unangoja mwingine. Tarakilishi inaweka hesabu.

Ndugu msomaji, kama umewahi kuandika programu, lazima moyo umeruka kidogo hapo. Hebu tazama alichofanya. Alichukua tatizo kubwa lisiloshikika, "mimi si mchezaji mzuri vya kutosha", akalivunja hadi akapata kipande kimoja kidogo kinachoweza kupimwa. Kisha akakitenga na mengine yote. Hakuna beki, hakuna mvua, hakuna mwenzako anayekupa pasi mbovu. Mpira ule ule, kasi ile ile, mara mia. Ukikosea unajua kosa ni lako, kwa sababu hakuna kingine kilichobadilika. Sisi tunaita hivyo kutafuta hitilafu: badilisha kitu kimoja tu, endesha tena, tazama matokeo.

Na hesabu yake ni tamu. Tuseme mashine inakurushia mpira mmoja kila sekunde 5. Hiyo ni mipira 12 kwa dakika, na 240 kwa dakika 20. Katika mazoezi ya kawaida ya timu, watoto ishirini na mpira mmoja, mtoto mkimya aliye pembeni anaweza kwenda nyumbani akiwa ameugusa mara ishirini tu. Tena ni wale wale wazuri ndio wanaopewa pasi, kwa hivyo mzuri anazidi kuwa mzuri na dhaifu anabaki dhaifu. Mwenye nacho huongezewa.

Wazo lenyewe si jipya. Katika besiboli, mashine za kurusha mipira ni kitu cha kawaida Marekani. Katika tenisi, mchezaji Mfaransa René Lacoste, yule mwenye shati za mamba, alibuni mashine ya kurusha mipira miaka ya 1920 kwa sababu alitaka kufanya mazoezi zaidi ya walivyoweza kustahimili waliokuwa wakimrushia. Angalia: naye alikuwa mchezaji. Alichofanya Lewis ni kuuliza kwa nini mchezo wake hauna kitu ambacho jirani zake wamekuwa nacho kwa miongo mingi.

Mwingine: raba ya meza ya tenisi

Kama unadhani huyu ni mmoja tu, mkumbuke Craig Johnston. Huyu si Mmarekani, ni Mwaustralia aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1960, akacheza Middlesbrough na kisha Liverpool. Alifunga bao katika fainali ya Kombe la FA ya 1986 dhidi ya Everton. Mwaka 1988, akiwa bado na miaka 27, aliacha kandanda ili amuuguze dada yake.

Akiwa kwao Australia alikuwa akifundisha watoto. Siku moja akawaambia waushike mpira kwa kiatu, kama raketi ya tenisi ya meza inavyoushika mpira unapozungushwa. Watoto, mnavyowajua, wakamjibu kwamba viatu vyao ni vya ngozi, si vya raba. Johnston akaenda nyumbani, akabandua raba kwenye raketi, akaibandika juu ya kiatu, akatoka nje kupiga mpira. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kiatu kinachoitwa Predator, ambacho Adidas walikizindua mwaka 1994. Kati ya siku ile na uzinduzi kuna miaka ya kufukuzwa mlangoni, Adidas wenyewe wakiwamo miongoni mwa waliomkataa. Mwishowe aliwavalisha viatu hivyo akina Franz Beckenbauer, akawapiga picha za video wakipiga mipira kwenye theluji, akarudi nayo. Hapo wakasikia.

Kinachonigusa ni kwamba wazo halikutoka maabara. Lilitoka kwa mkufunzi aliyesikiliza jibu la mtoto badala ya kumkaripia.

Mpira uliopigwa na rais

Sasa tuangalie upande wa pili, na huu ulifika hadi kwa majirani zetu. Tarehe 2 Julai 2013, Rais Barack Obama alikuwa Dar es Salaam, kwenye mtambo wa umeme wa Ubungo, pamoja na Rais Jakaya Kikwete. Alipewa mpira, akauchezea kidogo, akaupiga kichwa. Picha zikazunguka dunia. Mpira ule uliitwa Soccket. Ndani yake ulikuwa na kifaa kilichotikisika unapochezwa na kuzalisha umeme, kisha unachomeka taa ndogo usiku. Ulibuniwa na wanafunzi wa Harvard mwaka 2008, na aliyeupeleka mbele ni Jessica O. Matthews, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria.

Wazo zuri kiasi gani! Mchana mtoto anacheza, usiku anasoma. Lakini mambo hayakwenda hivyo. Mwaka huo huo wa 2013 watu walichanga pesa kupitia mtandao ili wapate mipira hiyo. Mwaka uliofuata wengi wakalalamika kwamba imechelewa au imeharibika, na waandishi wa habari waliofuatilia mipira iliyogawiwa Mexico walikuta mingi imekufa ndani ya muda mfupi. Kampuni ilikiri makosa, na baadaye ikaachana na mipira na kugeukia miundombinu ya umeme.

Simcheki Matthews. Giza alilijua, alisimulia kwamba wazo lilimjia alipokuwa Nigeria akivuta moshi wa jenereta. Tena alikuwa na ujasiri ambao wengi wetu hatuna. Ninachosema ni kwamba kifaa kile kilikuwa na mabwana wawili. Kama mpira, kilihukumiwa na mtoto, na mtoto anataka mpira unaodunda vizuri na kudumu. Kama taa, kilihukumiwa na mama yake, na mama anaweza kununua taa ya sola isiyohitaji kupigwa teke kwanza. Bwana wa tatu ndiye aliyefurahi: sisi watazamaji wa mbali, tuliopenda hadithi.

Msomaji mkali ataniuliza, "Basi unasema asiyecheza hawezi kuvumbua?" La, na nina mfano wa kujipinga mwenyewe. Tim Jahnigen hakutoka uwanjani. Aliona kwenye habari watoto wa Darfur wakicheza na mpira wa takataka zilizofungwa kamba, akajiuliza kwa nini mipira halisi wanayopelekewa haidumu. Jibu lilikuwa miiba na mawe. Akatengeneza mpira wa povu gumu, wa aina inayofanana na ya vile viatu vya Crocs, usiohitaji pampu na usiokufa ukidungwa. Mwanamuziki Sting alimsaidia pesa, na mwaka 2010 ukaanza kuuzwa kwa jina One World Futbol.

Tofauti iko wapi? Jahnigen hakuugeuza mpira kuwa kitu kingine. Aliangalia ni wapi hasa mpira unafia, akapatibu hapo tu. Kwa hivyo kanuni yangu naisahihisha hivi: si lazima uwe umecheza, lakini lazima ujue mahali panapouma. Aliyecheza analijua hilo bila kuuliza. Asiyecheza itabidi akae chini atazame.

Programu yangu isiyo na hitilafu

Nina haki gani ya kusema haya? Nina haki ya mtu aliyeaibika.

Miaka mingi iliyopita niliandika programu kwa ajili ya ligi ya mtaani kwetu. Nilijitolea, hakuna aliyenilipa. Nilikuwa nimejifunza kutumia hifadhidata na mikono ilikuwa inaniwasha. Nilijifungia chumbani wikendi tatu. Programu ikatoka safi: unaingiza matokeo, msimamo wa ligi unajipanga wenyewe, tofauti ya mabao, ratiba ya juma lijalo, kila kitu. Nilikuwa sijahudhuria hata mkutano mmoja wa ligi.

Nikaenda kwa katibu, mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akiandika kila kitu kwenye daftari la jalada gumu. Nikamwonyesha. Akatazama kwa adabu hadi mwisho.

"Kijana wangu," akasema, "hii mashine yako inajua ni nani anaongoza ligi?"

"Ndiyo mzee. Papo hapo."

"Hata mimi najua. Hata mama wa kuuza mahindi pale getini anajua. Je, inajua kama huyu Onyango anayecheza leo ndiye yule Ochieng aliyechezea timu nyingine Jumapili?"

Sikuwa na jibu. Mwezi uliofuata nilipita, nikakuta tarakilishi imefunikwa kitambaa na daftari liko wazi mezani.

Nilikasirika, nikasema wazee hawataki maendeleo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mzee hakukataa teknolojia. Alikuwa amenieleza tatizo lake kwa sentensi moja, bure, na mimi nilikuwa nasikiliza sifa tu. Ugomvi mkubwa wa ligi ile haukuwa msimamo. Ulikuwa wachezaji waliosajiliwa mara mbili kwa majina mawili, na kila mechi ya maana iliishia kwa rufaa na kusukumana.

Hatimaye niliomba niwe msaidizi wake. Msimu mmoja nilikaa kwenye ile meza chini ya mti, mvua na jua, nikipokea ada za timu na karatasi za refa. Nilichoandika baada ya hapo kilikuwa kidogo mno, karibu nione haya kukiita programu. Kilichapisha karatasi moja kwa kila timu, picha za wachezaji zikiwa zimepangwa, na kilinionya kama jina la mzazi na mwaka wa kuzaliwa vimewahi kuonekana kwenye timu nyingine. Basi. Hakuna rangi, hakuna michoro. Mzee aliitumia hadi alipong'atuka, na daftari akabaki nalo pia, maana umeme ni umeme.

Programu ya kwanza haikuwa na hitilafu hata moja. Ile ya pili ilikuwa nazo, na mzee alinipigia simu kulalamika karibu kila Jumapili. Kulalamikiwa ndio uthibitisho kwamba inatumiwa.

Basi tufanye nini?

Nawaona vijana wetu wakishindana kwenye mashindano ya ubunifu. Slaidi nzuri, Kiingereza kinachotiririka, programu ya mkulima, programu ya mama mboga, programu ya mvuvi. Ukiuliza, "Umewahi kulala kwa mkulima huyo?" kimya. Tunajengea majaji. Majaji nao hawalimi.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, anza na kile kinachokuaibisha wewe mwenyewe. Lewis alianza na mguu wake. Kama ulikuwa karani, au konda, au ulikua dukani kwa mamako, una hazina ambayo hakuna aliyesoma vitabu tu anaweza kukunyang'anya. Usiifiche kwenye wasifu wako kana kwamba ni doa.

Pili, punguza. Mguso wa kwanza, si kandanda yote. Jina lililosajiliwa mara mbili, si ligi yote.

Tatu, jua nani analipa. Hapa hata Lewis alilazimika kukunja kona. Mazoezi ya mashine hufanyika kwenye vituo ambavyo wazazi wa Marekani hulipia. Kisha kampuni yake ikafungua sehemu ya burudani pale The O2, London, mwaka 2021, ambapo watu wazima wanakula, wanakunywa, na kupiga mipira ile midogo kwenye skrini. Wapo watakaosema ameuza roho. Mimi nasema kifaa kisicholipiwa hufa, na ni afadhali wanaosherehekea siku ya kuzaliwa wakulipie utafiti wako. Lakini tusijidanganye kwamba mashine hiyo itafika Kayole au Likoni kesho asubuhi.

Na hapa ndipo napenda wazo lake kuliko mashine yake. Mashine ni ghali, wazo ni bure. Ukuta ni mashine ya kurudisha mpira na haihitaji umeme. Wengi wetu tulikua tukicheza na mpira wa juala, mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa uzi, mdogo, usiodunda sawasawa, usiosamehe. Tangu Agosti 2017 mifuko ile imepigwa marufuku nchini, na mpira wa juala umekuwa adimu. Kwa mazingira ni jambo jema. Lakini tulikuwa na chombo cha kufundishia mguso wa kwanza mikononi mwetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa akajiuliza kwa nini kinafanya kazi. Ilibidi winga mmoja aone haya kule Fulham.

Mashine pia ina mipaka, tusiitukuze. Itakufundisha kutuliza mpira, haitakufundisha uende nao wapi. Hilo unalipata kwenye vumbi, na wenzako wakikupigia kelele.

Kwa hivyo kesho kabla hujafungua tarakilishi kuandika programu ya kuokoa watu fulani, nenda ukakae kwenye meza yao. Beba kalamu. Mzee akikwambia jambo kwa sentensi moja, liandike.

Haya basi. Kama kuna mtu amewahi kutengeneza kitu kikafunikwa kitambaa kama changu, aniandikie. Na wapenzi wa Predator, najua mko, msianze vita na wa viatu vingine hapa. Tuonane juma lijalo, tukijaaliwa.